Tingatinga na Minyaa ya Babu

Jumatatu, 9 Septemba

Barua imefika kutoka ofisi ya ardhi. Mjomba aliisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, hatukuelewa kitu. Nikaisoma mimi kwa sauti ya kawaida. Shamba alilotuachia babu liwe limesafishwa ifikapo tarehe thelathini, la sivyo litapewa mwombaji mwingine. Miaka sita limelala. Miiba imejaa, hata mbuzi hupita kando kwa heshima.

Mama anasema tukipata hati tutajenga, tuondoke hapa pa kupanga. Nimeuliza kama chumba changu kitakuwa na dirisha. "Hata mawili," akasema. Mimi naandikia juu ya ndoo iliyogeuzwa. Moja linanitosha.

Jumatano, 11 Septemba

Leo tumechagua watu wa kusafisha. Kwanza walikuja wanawake watano wenye mapanga. Kiongozi wao alilizunguka shamba lote, akarudi na miiba kwenye sketi, akauliza, "Kipi kinang'olewa na kipi kinabaki?" Swali la maana sana, kwa hiyo hawakupewa kazi.

Kisha akaja dereva wa tingatinga. Anaitwa Mhandisi, ingawa cheti chake hakuna aliyewahi kukiona. Hakushuka hata kwenye pikipiki. "Mama, hii ni asubuhi moja tu. Saa nne nakukabidhi uwanja wa ndege."

Mjomba alifurahi kama shamba ni lake. "Dada, utahangaika na mapanga mpaka lini? Dunia imeendelea."

Nilisema shuleni tumefundishwa kwamba ardhi kame haisafishwi yote. Huachwa mistari ya vichaka, upepo usibebe udongo. Mjomba akaniambia nimesoma sana, nikachemshe chai.

Baada ya chai walinikumbuka tena, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Niliandika mkataba. "Ataondoa vichaka vyote." Mhandisi alitia sahihi yenye mikia mitatu.

Ijumaa, 20 Septemba

Tingatinga liko njiani. Liko njiani tangu Jumamosi iliyopita. Mama akipiga simu anaambiwa "kesho asubuhi". Hawajasema ya mwezi gani.

Alhamisi, 26 Septemba

Limefika! Na limefanya kazi kweli, asubuhi moja, kama alivyoahidi. Hakuna hata kijiti kilichosimama. Uwanja wa ndege kabisa.

Hata minyaa ya mpaka haipo.

Babu aliipanda zamani, mstari mmoja mrefu kati yetu na jirani. Huku kwetu mpaka ni minyaa, hakuna mawe wala nguzo. Mtu yeyote wa hapa anajua. Mhandisi si wa hapa. Yeye aliona vichaka, na mkataba ulisema vyote.

Utomvu mweupe wa minyaa, unaochoma kama pilipili, ulimrukia machoni. Mama alikuwa anamwosha kwa maji na kwa hasira, sijui kama alikuwa anaosha au anasugua.

"Kwani hivyo vilikuwa vichaka vya nini?" Mhandisi akauliza, amefumba macho.

"Vya mpaka."

"Sasa mbona hamkusema?"

Mjomba aliona kitu cha muhimu sana kwenye simu yake. Mimi niliangalia mkataba. Mwandiko safi, hakuna hata neno moja lililofutwa.

Na tingatinga limekataa kuwaka. Limebaki pale pale.

Ijumaa, 27 Septemba

Jirani yetu huitwa Bwana Hodi, kwa sababu hajawahi kupiga hodi popote. Leo tumemkuta shambani anapanda minyaa. Ni kazi rahisi, unachomeka tawi ardhini linashika. Matawi alikuwa anaokota yale yetu yaliyovunjwa.

"Jirani, umeamkia wapi leo?" mama akamwuliza.

"Kwenye mpaka wangu, shemeji. Nimeona nikusaidie, maana umebaki wazi."

Mashimo ya mizizi ya zamani bado yalionekana. Nikahesabu kutoka hapo hadi kwenye msaada wake. Hatua kumi na moja ndani ya shamba letu. Mama alimwonyesha mashimo. Bwana Hodi akasema hayo ni ya panya.

Mchana upepo ulivuma, ukayafukia yote. Na udongo wetu mwingine umehamia kwake bila barua ya mtu. Sikusema kitu kuhusu mistari ya vichaka. Nilijizuia kwa shida.

Jumapili, 29 Septemba

Tumepanda mstari wetu. Mimi nabeba matawi, mama anachomeka. Alianzia pale pale pa babu. Akasimama. Akatazama mstari wa Bwana Hodi. Akasogea mbele hatua nne, kwenye shamba la Bwana Hodi, akaanza upya.

"Mama, mashimo yalikuwa huku."

"Macho yako yamechoka kwa kusoma."

"Yeye kaiba kumi na moja," mjomba akasema, "sisi nne tu. Tuna adabu."

Mama hajawahi kunidanganya. Hata siku ya sindano aliniambia itauma. Leo alichomeka matawi yote bila kunitazama.

Jumatatu, 30 Septemba

Ofisa wa ardhi amefika saa tatu. Amekuta mistari miwili ya minyaa na uwazi mpana katikati. Akauliza hii barabara inakwenda wapi.

Wakaanza kusema wote pamoja. Ofisa akawanyamazisha kwa kalamu. Amesema kusafishwa limesafishwa, hilo halina ubishi, hata jiwe halikusalimika. Lakini hati haitolewi bila mpaka. Na atakayebainika amesogeza mpaka, anamfuta kwenye orodha ya wanaopewa hati leo hii, hata awe nani.

Kisha akaniona na sare yangu. "Binti, wewe unaujua mpaka?"

Nikasema naujua. Lilinitoka tu.

"Basi mwanafunzi atatuonyesha. Hana shamba, hana sababu ya kudanganya. Nipate maji kwanza."

Hakuuliza mimi ni binti wa nani. Mama akamletea chupa. Tumekaa wote kwenye kivuli cha tingatinga, kwa kuwa kivuli kingine hatukubakiza. Nimeomba niandike kidogo, nikasema ni kazi ya shule. Huo ni uongo wa kwanza leo.

Nikionyesha pa babu, anawafuta wote wawili, mama na Bwana Hodi. Nikionyesha pa mama, tunajenga.

Bwana Hodi analitazama daftari langu. Ananiita "mwanangu" leo, mara ya tatu. Mjomba ananikonyeza jicho kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Mama haombi kitu. Anakwangua utomvu uliokauka kwenye vidole vyake, kimoja kimoja, na bado hanitazami.

Chupa imefika nusu. Ofisa anakunywa taratibu, jua kali.

Ameifunga. Anapangusa mdomo.

"Haya, binti, simama. Tangulia."