Sahani ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Dalali wa vitu vya kale amenipigia simu nikiwa dukani, nimeshika miwani ya mteja, skrubu moja haijaingia. Anasema amepata asetati. Ya bendi ile. Nimemwambia nitampigia baadaye.

Tangu mke wangu afariki, Oktoba, sijagusa santuri yoyote. Mashine nimeifunika shuka kama maiti. Na hii ndiyo sahani niliyoitafuta maisha yangu yote ya ndoa. Aliimba na bendi ile akiwa msichana, kabla hatujajuana. Wimbo mmoja. Studio ikachonga sahani moja ya majaribio, ile wanayoiita asetati, ili wasikilize kabla ya kupeleka kiwandani. Bendi ikavunjika, kiwandani haikufika, na hiyo moja ikapotea.

Nikianza kuitafuta alikuwa ananuna. "Wenzangu wanagombana na waume zao kwa sahani za jikoni, mimi sahani zangu ziko sebuleni." Halafu anacheka, anabadilisha mazungumzo.

Alhamisi, 6 Machi

Feki. Nilijua kabla sijaitoa kwenye jalada – nyepesi. Asetati ni bati la alumini lililopakwa utando mweusi kama vanishi, ina uzito wake mkononi. Hii ukingo wake mweusi hadi ndani, plastiki tupu. Lebo imechovywa chai ionekane kuukuu. Herufi za kompyuta.

Dalali kanywea. "Mzee, si uisikilize kwanza?" Nimemwambia mtu hahitaji kuonja chumvi iliyoandikwa sukari akishaiona ni chumvi. Tumecheka kidogo. Naye kauziwa mbuzi kwenye gunia, sikumlaumu.

Nikiwa mlangoni akasema aliyemuuzia alikuwa na nyingine, chafu, inabanduka pembeni, ina ungaunga mweupe. Akaiacha.

Nimerudi nikakaa chini. Nikamwomba aifuate leo hii hii.

Jumamosi, 8 Machi

Ni yenyewe.

Nzito. Pale utando ulipobanduka, alumini inang'aa. Ule ungaunga si uchafu, ni mafuta ya utando wenyewe yanayotoka kwa uzee, na plastiki haitoi kitu kama hicho. Nimeinusa: harufu ya rangi ya kucha, kwa mbali sana. Karibu na tundu la katikati kuna tundu la pili, lebo imelifunika, lakini ukipapasa kidole kinazama. Hilo ni la kuishikilia sahani isiteleze wakati wa kuchongwa. Wanaofoji hulisahau.

Lebo ya mkono, penseli. Jina la bendi, jina la wimbo. Wimbo mke wangu aliokuwa anauimba akifua.

Nimempigia binti yangu. Nikasikia analia. Anasema mwanawe mdogo ameanza kumsahau bibi yake, akiona picha anauliza huyu nani. Jumapili ya wiki ijayo watakuja wote. "Baba, usituanze bila sisi." Alikuwa analia hata maneno yanamgongana.

Jumapili, 9 Machi

Sikuweza kungoja. Asetati ni laini, kila ukiipiga sindano inakwangua kidogo, kwa hiyo nilitaka niipige mara moja tu, niirekodi kwenye simu, watoto wasikilize hiyo. Nikaweka sindano nyepesi kuliko zote. Nikaisafisha kwa pamba.

Gitaa likaanza. Kisha mwanamke akaimba.

Si yeye.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudia ile ya kwenye simu. Kwenye kibwagizo pia hayumo. Huyu sauti yake ni nyembamba, ya juu, inapanda kwa maringo. Mke wangu sauti yake ilikuwa ya chini, ilianzia tumboni. Ningeitambua sokoni nimefumba macho.

Sahani ya kweli, bendi ya kweli, wimbo ule ule. Sielewi.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa Vidole. Ndiye aliyepiga gitaa kwenye bendi ile, na mimi ndiye ninayemtengenezea miwani miaka nenda rudi. Hatukuwahi kuzungumzia studio. Mke wangu alikuwa hapendi, nami sikutaka kumchokonoa.

Nimemsikilizisha. Akatikisa kichwa akitabasamu, akamtaja mwanamke wa kiongozi wa bendi. Nikamuuliza, na mke wangu je?

Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Wimbo ulikuwa wake, bwana. Alifanya mazoezi hadi tukamwambia apumzike. Siku ya studio kiongozi akaja na bibie wake, akasema leo anaimba huyu. Hivyo tu. Mkeo akaambiwa akae nje, kwenye benchi la korido."

Aliondoka? nikamuuliza.

"Wapi. Alikaa hadi mwisho. Nadhani alitumaini watamwita kwa wimbo wa pili. Hakulia. Tulipomaliza akatusaidia kubeba ngoma hadi kwenye gari."

Kisha akaniuliza kwa upole: "Kwani hakukwambia?"

Nimetembea hadi nyumbani. Nimepita nyumba yangu bila kuiona, ikabidi nigeuze.

Ijumaa, 14 Machi

Sina hasira naye kwa kunidanganya. Nimeitafuta hasira, haipo. Kinachonikata ni lile benchi. Msichana kavaa nguo yake nzuri – lazima alivaa nzuri, namjua – anasikiliza wimbo wake ukiimbwa na mwingine nyuma ya ukuta. Halafu anabeba ngoma.

Kumbe alinuna kwa sababu hiyo. Alikuwa anaogopa nisije nikaipata.

Angeniambia tu. Ningemwambia basi, niimbie mimi, mimi ndiye studio. Angecheka.

Nyumba hii imejaa sauti za watu kwenye santuri, kuta mbili nzima. Yake haimo.

Binti yangu kapiga simu jioni. Anakuja na mama yake mdogo pia, shemeji yangu. Amenunua fremu, anataka sahani itundikwe sebuleni watakapomaliza kuisikiliza. Nikasema mwanangu, kuna jambo. Akasema, "Jambo gani, Baba?" Nikasema njooni mapema, jua litakuwa kali.

Jumapili, 16 Machi

Wapo sebuleni. Nimeingia chumbani nikidai natafuta dawa yangu.

Wamefika asubuhi, wajukuu wamevalishwa kama wanakwenda kupigwa picha. Binti yangu hakutaka ile ya kwenye simu, alitaka sahani yenyewe, aone sindano ikigusa. Nikaiweka. Nilikuwa nimejipanga niseme kabla haijaanza. Gitaa likanitangulia.

Aliposikia sauti akafumba macho. Akamvuta mdogo mapajani, akamnong'oneza: sikia, huyo bibi. Mtoto akatulia tuli.

Shemeji alikuwa ananitazama mimi. Amelala kitanda kimoja na dada yake utoto wote, atadanganyika vipi? Macho yake yakajaa. Nikadhani atasema. Wimbo ulipokwisha akasema, "Dada yangu alikuwa na sauti." Kweli tupu, hakuna aliyeweza kumpinga. Kisha akaenda jikoni, nikasikia maji yanamwagika muda mrefu bila kuoshwa kitu.

Binti yangu akanikumbatia. Hajanikumbatia hivyo tangu makaburini. "Nilikuwa nimeisahau sauti yake, Baba. Nilikuwa naogopa kukwambia." Sasa anadhani ameipata.

Nikimwambia, namnyang'anya mama yake mara ya pili. Nisipomwambia, ataikumbuka sauti ya yule aliyemkalisha mama yake koridoni, na watoto wataikumbuka hiyo hiyo, na ile ya chini, ya tumboni, itabaki kwangu na kwa shemeji. Sisi ni wazee.

Mlango umefunguliwa. Ni yeye, binti yangu. Amenikuta naandika, hakuuliza dawa iko wapi. Anasema watoto wamekaa chini wananingoja, wanataka babu awahadithie siku ile bibi alipokwenda studio ilikuwaje.

Nimesema nakuja.

Hajaondoka. Amekaa kitandani, upande wa mama yake, ananitazama mkono unavyoandika.