Boloky Mwenye Uzazi

Jumamosi, Mahajanga. Joto la kabla ya mvua, nguo imenigandia mgongoni tangu asubuhi. Lakini leo nina furaha, tena furaha ya kujivuna, na sioni haya kusema.

Mti umepona.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mzaliwa wa Nosy Be, wa ukoo wa Kikomoro, na Kiswahili hiki nilikisoma Unguja. Kazi yangu ni kulinda boloky, kasuku weusi wa misitu mikavu ya ng'ambo ya ghuba, huko Katsepy. Hutaga ndani ya mashimo ya miti mikongwe, na miti hiyo karibu yote imeshageuka mkaa. Mmoja uliobaki uko shambani kwa Mama Soa, mjane ambaye kuku wake wanakufa ovyo.

Aliamini boloky ndiye aliyeleta ugonjwa. Jike akiwa na makinda hunyonyoka manyoya ya kichwa, ngozi ikabaki tupu, ya manjano. Mama Soa alimwona hivyo, akasema huyu mgonjwa, mti ukatwe uchomwe. Wanawe wangeukata Jumatatu. Nilimweleza habari za homoni na msimu wa kulea mpaka koo likanikauka. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanikaribisha chai.

Leo nikaacha kuhubiri. Nikamwomba tu tukae mbali kidogo, tuangalie. Jike akatoka shimoni, akapiga kelele. Dume akaja, akamlisha mdomoni. Akaja dume mwingine, naye akamlisha. Mama Soa akakitazama kichwa kile cha manjano, akanitazama mimi, niliyejipaka msindzano, ule unga wa mti wa manjano ambao wanawake wa pwani hii tunajikinga nao jua usoni. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe mzazi huyu!" akasema kwa Kimalagasi. "Kajipaka, kakaa ndani, analetewa chakula. Na waume wote hawa! Mimi nilikuwa na mmoja, na nilipika mwenyewe."

Kwao mwanamke aliyejifungua hatolewi nje. Hukaa ndani, akalishwa na jamaa mpaka apate nguvu. Akawaita wanawe, akawaambia mashoka yarudi nyumbani, hapa pana mzazi.

Nilijivuna hapo hapo, peke yangu, kama niliyezaa mimi.

Kuku bado wanakufa, na hilo si la kuchekea. Jumatatu natafuta mtu wa chanjo nimpeleke kwake.

Nilitaka pia kumwambia kwamba boloky atalihitaji shimo lile lile msimu mwingine. Tulipokuwa tunaagana akauliza mwenyewe:

"Na mwakani atazaa hapa hapa?"

"Inshallah."

"Basi mti ukae."