Waya wa Chini ya Kiti

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Mlango wa nyuma ufunge kwa komeo, kitasa kimelegea tena. Nimepeleka gari gereji.

~~Ukisoma hii nipigie.~~ Kama bado una hasira usinipigie, nitaelewa.

Asubuhi taa ya mifuko ya hewa, ile ya kukinga watu kwenye ajali, ilipowaka kwenye dashibodi, nilikufokea mbele ya kaka zako. Nikasema wewe ndiye uliyeendesha jana, na hujui kutunza kitu cha mtu. Ukasema, "Baba, mimi sijagusa chochote." Ukachukua begi ukaenda kwenye usaili kwa miguu. Sikukuita.

Ulipoondoka nilizima gari, nikachomoa waya wa betri na kusubiri robo saa, maana mifuko ile inaweza kufyatuka. Kisha nikachungulia chini ya kiti cha abiria. Plagi ya njano ya waya wa mifuko hiyo ilikuwa imechomoka nusu, imesukumwa na jeki. Jeki hiyo niliitumbukiza pale mimi mwenyewe Jumapili, kwa uvivu wa kufungua buti.

Plagi nimeirudisha. Taa haijazimika, fundi ataifuta kwa mashine yake. Ila wewe umetembea juani na viatu vya kubana, siku uliyotakiwa kuingia kwa watu ukiwa umetulia. Hilo linaniuma.

Nisamehe, mama. Kaka zako nimewaambia kosa ni langu. Mkubwa akaniuliza, "Na yeye umemwambia?" Nikakaa chini kuandika.

Baba