Herufi Saba za Kamaria

Maskati

Kaka Hilali,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Kanyenye, na mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mimi mwili hauna neno. Nimempa Bi Asha wa Cheyo aje nayo kwa sababu anarudi nyumbani moja kwa moja, na kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Karatasi huwezi kuikata kauli.

Habari ya mtoto imenifikia. Hongera, na hongera zaidi kwa wifi aliyefanya kazi yenyewe. Umesema mnataka kumpa jina langu, na kwamba Baba angefurahi. Ni kweli angefurahi. Alitugawia mwezi sote wawili, wewe Hilali ukiwa mwezi mwandamo, mimi Kamaria mwezi uliokamilika. Alikuwa akisema sisi Wanyamwezi tayari tuna mwezi kwenye jina la kabila, basi watoto wake watakuwa nao mara mbili. Bibi wa Choma alipoona jina linamtatiza, akaniita Ng'weji, mwezi kwa Kinyamwezi, yakaisha. Jina hilo nalipenda, kaka. Ndiyo maana nataka ujue limefika wapi kabla hujampa mwingine.

Unakumbuka siku ile stesheneri kwako. Sikuwa na cheti cha kuzaliwa, ukanijazia fomu yake, na pasipoti ikaja kufuata cheti. Ukaandika Kamari. Nikakwambia, "Kaka, umesahau a." Ukasema, "Sijasahau. Kiarabu ni qamar. Hiyo a ya mwisho ni madoido ya wanawake wa mjini. Ukifika nayo huko watakucheka."

"Sasa hiyo i mbona umeibakiza?"

"I inalishikilia neno lisianguke. Mdogo wangu, wewe shona, mimi niachie kuandika."

Wateja wako wawili waliokuwa wakisubiri kopi wakacheka, nami nikasaini. Hapo nina kosa langu, silikatai. Mimi ambaye sikati kitambaa kabla sijarudia vipimo, nilisaini jina langu likiwa limepunguka herufi moja.

Unajua miaka minne hii nimekuwa nyumbani kwa watu, nafua, napiga pasi, napika. Kazi hiyo sikuifuata. Mimi ni fundi. Nilinunua cherehani yangu mwenyewe kwa kushona sare za shule, hakuna aliyenichangia, na cheti cha ushonaji nilikipata kwa kwenda darasani jioni. Mwaka huu nikapata njia. Kuna mama anaitwa Bi Zuwena, ana karakana ya kushona kanzu, mafundi kumi na wawili. Kiswahili anakisema kama wa Ujiji. Siku yangu ya mapumziko akanipa kitambaa, akasema nikate kanzu ya mtu mnene bila kupoteza. Yeye alikuwa amekadiria mita nne. Mimi nikaitoa kwenye tatu na nusu, na kofia juu. Akaigeuza, akatazama mishono ya ndani, akasema, "Wewe nani amekuweka jikoni?"

Akanipa siku thelathini nilete karatasi. Pasipoti, cheti cha ufundi na kadi ya ukaazi, zote ziwe na jina moja. Tajiri wangu, mwenye nyumba ninayofanyia kazi, akakubali kuniachia iwapo karatasi zitakamilika.

Nikaenda kwenye ofisi ya kadi. Dirishani alikuwapo mzee mmoja wa huku huku. Kusikia natoka Tabora, akafurahi kama aliyemwona ndugu. Babu yake alikuwa na nyumba na visima Unyanyembe, zama za misafara, na Kiswahili hawajakiacha mpaka leo. Akaichukua kadi yangu, akasoma upande wa Kiarabu, akaangua kicheko.

"Kamari! Mwanangu, baba yako alikuweka mezani nini, akakupoteza kwenye karata?"

Sikuelewa. Akanichorea kwenye karatasi. Kiarabu cha mwezi ni herufi tatu tu, kafu, mimu, ra. Ukitia alifu katikati zinakuwa nne, na neno ni kamari, ile ya kuchezea. Maneno hayo yanakaa nyumba moja, anasema, yametenganishwa na alifu tu. Akaendelea kunisomesha. Visiwa vya Ngazija jina lake la Komoro limetoka kwenye mwezi huo huo, na Wapakistani huwapa wanaume jina la Qamar. Alikuwa anaona raha. Nikamuuliza, "Na kwenye kadi yangu, alifu hiyo aliitia nani?"

Akatazama saini. Akavua miwani.

"Nadhani ni mimi. Kiswahili ninakijua, mwanangu. Nilisoma kamari, nikaandika kamari."

Unaona, kaka? Angekuwa hajui Kiswahili, asingekosea. Na wewe ungekuwa hujui Kiarabu chako cha nusu, usingekosea. Tabora nilipunguziwa herufi moja, Maskati nikaongezewa moja, na katikati hapo nimekwisha mimi.

Kadi angeirekebisha siku ile ile, lakini lazima ifuate pasipoti, na pasipoti inafuata cheti cha kuzaliwa. Ndipo nikakupigia. Ukasema, "Herufi moja tu hiyo, waeleze." Nilikupigia mara tisa. Ya kumi ndiyo ukaniambia Mama ameapa mbele ya wakili, maombi yamepokelewa, tusubiri. Siku hiyo ilikuwa ya ishirini na sita. Siku ya thelathini nilikwenda kwa Bi Zuwena nikiwa na cheti cha ufundi cha Kamaria, pasipoti ya Kamari na kadi ya mcheza kamari. Alizipanga mezani. Akasema, "Hawa ni watu watatu, mwanangu. Mimi nina kiti kimoja."

Kiti amekipata msichana wa nyumba ya jirani, kutoka Java. Anashona vizuri, simsingizii. Jina lake Komariah. Ndiyo, kaka, ni mwezi huo huo. Lake lina herufi nane na zote zipo, kila karatasi. Siku anahama nilimsaidia kukunja nguo. Akanikumbatia, akaniita wajina.

Mkataba wa nyumba nimeongeza, miaka miwili. Ni siku mia saba na thelathini, nimekwisha kuzihesabu. Cheti kipya kikitoka, kiweke kwenye kabati la Mama, huku hakina kazi tena. Vidole vyangu vimeanza kuwa vizito kwa sabuni. Juzi nilitunga uzi kwenye sindano, mara ya tatu ndiyo ukapita.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Nisalimie shangazi wa vitumbua, na yule mwalimu wangu wa cherehani kama macho yake bado yanaona. Wifi mpe kitenge atakachokileta Bi Asha, nimekikunja upindo mwenyewe.

Kuhusu mtoto, jina mpeni. Ila fomu usiijaze wewe. Mpe wifi kalamu, aandike herufi saba, na kabla ya kusaini azihesabu kwa kidole. Jina hilo msinibakizie mimi. Mkataba mpya niliusaini kwa jina lililo kwenye pasipoti, na humu ndani ndilo wanaloniitia. Hilo jingine silitumii.

Mdogo wako,
Kamari