Somo Rahisi la Mwezi

Ijumaa, 23 Septemba 2016. Suwaidi, Riyadh
Kanzu za bosi zimepigwa pasi. Madam, mkewe, kalala. Nimerudi kwenye simu na lile jambo la chuo. Nasomea ualimu wa Kiswahili kwa mtandao, nimebakisha somo moja, na somo lenyewe ni sayansi. Ati kila mwanafunzi lazima aonje. Nitafundisha watoto methali au asidi?

Kemia inataka maabara. Jiolojia inataka mawe ya mtoni. Riyadh mto nitautoa wapi? Rukia, rafiki yangu wa Kandara, Jeddah, alimaliza chuo hiki mwaka jana. Anasema nichukue Elimu ya Anga, ni kutazama mwezi tu. Haya. Nimejiandikisha.

Jumanne, 4 Oktoba
Hesabu tele. Rukia hakuzitaja. Zoezi la kwanza: chora mwezi mchanga jioni tatu mfululizo, pale ulipo.

Nilipo ni ndani. Ua una ukuta mrefu. Dirisha langu linatazama nyumba ya jirani. Juu ya paa napanda asubuhi kuanika nguo, kisha madam anafunga na ufunguo unakaa kwake. Msichana aliyenitangulia alirukia paa la jirani akatoroka. Kosa lake, adhabu yangu. Nimeomba nusu saa tu, wakati wa maghribi.

"Halas, Mwanaidi. Maghribi juu mafi," kanijibu madam. Yaani basi, jioni hakuna kupanda.

Ijumaa, 7 Oktoba
Kaka Athumani ameupiga mwezi picha Malindi, jioni zote tatu. Nimechora kutoka kwenye picha zake, nimetuma. Sioni kosa. Kwetu kila Ramadhani watu hugombana, hawa wanafuata mwezi wa Saudia, hawa wanangoja uonekane pale pale. Nyumba moja, huyu kafunga, huyu anakunywa chai. Marehemu baba alikuwa akisema mwezi ni mmoja. Basi ni mmoja.

Jumatatu, 17 Oktoba
Sifuri.

Mwalimu ameandika: "Mwezi huu haukuchorwa Riyadh. Huko msimu huu haulali chali hivi. Rudia mwezi ujao, ama utafeli."

Nimeunguza wali kwa hasira. Yeye Riyadh alifika lini? Kakaa Nairobi na chai yake, ananiambia mwezi wangu umelala vibaya. Nikifeli sihitimu, na ile shule ya Malindi iliyoniahidi kazi Januari haitaningoja. Itakuwa mkataba mwingine, miaka miwili ya pasi.

Rukia anashangaa nimeshindwaje. Yeye mabosi wake walikuwa wakimpeleka ufukweni na watoto kila jioni. Alichora akiwa amekaa, anakula aiskrimu. Mtu akikwambia somo ni rahisi, muulize kwanza mlango wake ulikuwa ukifungwa na nani.

Jumapili, 30 Oktoba
Madam ameuliza kama nitaongeza mkataba. Nikamjibu habari ya paa. Kwa Kiarabu changu kibovu, chote nilicho nacho. Kwamba mimi si yule aliyetoroka. Kwamba namlelea watoto wake na bado ananifungia mbingu. Sijawahi kumwinulia sauti kabla ya leo. Akaondoka.

Naogopa. Na hasira bado ninayo.

Jumatano, 2 Novemba
Jioni madam alikuja jikoni na ufunguo. Jioni tatu, akasema, basi. Tukapanda pamoja. Akasimama mlangoni, mikono kifuani, ananilinda nisiruke.

Mwezi ulikuwa juu ya tangi la maji la jirani. Umeinama upande, kama kikombe kinachotaka kumwaga. Niliinamisha kichwa mimi, labda ni macho yangu. Hapana. Mwalimu alisema kweli, na hilo limeniuma kuliko sifuri. Miaka miwili niko hapa na sikuwa nimeuona.

Nikauchora ulivyo. Madam akasogea kuangalia karatasi. Akauliza kama kwetu mwezi ni huu huu.

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia kwetu huwa umelala chali.