Wimbo wa Nishikido

Alhamisi, 13 Juni
Kesho timu ya Mwewe wanakuja kucheza besiboli na sisi, mechi tatu mfululizo, na Nishikido yumo. Aliuzwa kwao majira ya baridi, baada ya miaka saba kwetu Korongo. Baba, kiongozi wa washangiliaji, ametangaza mezani kwamba wimbo wa Nishikido umezikwa. Bibi kamjibu, kahama kazi tu, hajafa. Baba hakucheka. Kila mpiga mpira wetu ana wimbo wake wa kushangiliwa, na huo aliutunga yeye, hapa jikoni. Ndio niliojifunzia tarumbeta.

Ijumaa, 14 Juni
Natamani ardhi inimeze.

Tunaongoza mbili kwa moja. Ni zamu ya Mwewe kushika gongo na kupiga mpira, kwa hiyo upande wetu kimya, tarumbeta magotini. Ndivyo ilivyo, unashangilia timu yako inaposhika gongo tu, hata mtoto anajua. Akaingia Nishikido. Akagonga kofia mara mbili, kama zamani — na mikono yangu ikanyanyuka yenyewe. Nikapiga! Mstari mzima wa kwanza, peke yangu. Jukwaa zima likanigeukia. Baba, na glavu zake nyeupe za kuongozea nyimbo, alinitazama tu. Nishikido naye akatazama juu kwetu. Mpira uliofuata aliupiga ukavuka ukuta, na mwenzake alikuwa ameshasimama kwenye besi, kituo cha kukimbilia, kwa hiyo wakapata alama mbili. Tumefungwa tatu kwa mbili.

Baada ya mechi Baba alisimama kwenye ngazi akawainamia watu kuwaomba radhi, mgongo umepinda, muda mrefu. Nikainama pembeni yake. Nilikuwa naona viatu tu vikipita.

Mzee Urabe, mpiga ngoma, alinisogelea. "Umepiga vizuri, binti. Hata noti moja hukukosea. Hilo ndilo linaloniuma."

Jumamosi, 15 Juni
Baba amempa Mzee Urabe kitambaa cha uongozi. Hakuna aliyemwambia ajiuzulu. Baba alikivaa mkononi tangu sijazaliwa.

Nilimwambia, mwenye kosa ni mimi, nifukuzwe mimi. Akasema, "Wewe umepiga nilichokufundisha, Chinatsu." Akaendelea kukunja jezi. Bora angenifokea. Mama alituwekea matonge ya wali, hakuna aliyegusa. Sikwenda uwanjani. Tulishinda bila mimi. Nimefurahi na nimeona aibu kwamba nimefurahi.

Jumapili, 16 Juni
Naandika hapa hapa jukwaani, safu ya juu kabisa, katikati ya Bibi na Baba. Tarumbeta nimeiacha nyumbani. Wenzangu kule chini wamenipungia mkono, nami nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Baba hajui aweke wapi mikono. Mzee Urabe anachelewa kuanzisha nyimbo, na kila akichelewa Baba anavuta pumzi, halafu anajizuia. Haya yote ni kazi yangu.

Awamu ya tisa, ya mwisho. Tunaongoza kwa moja. Mwewe wamebakiza mpigaji mmoja tu, na mwenzao yuko kwenye besi.

Anaingia Nishikido. Upande wetu kimya. Sithubutu kumtazama mtu.

Anagonga kofia. Mara mbili.

Nasikia kitu hapa pembeni, chini chini. Nilidhani ni Bibi. Bibi ananikanyaga mguu na kunionyesha upande wa pili kwa kidevu.

Ni Baba. Midomo kaifumba, anatazama mbele, vidole vinapiga goti. Mstari wa kwanza. Sasa wa pili. Nadhani hajui kabisa kama anaimba. Mwanamume wa safu ya mbele amegeuka kutafuta sauti inatoka wapi.

Nimeanza kukohoa. Nishikido ameinua gongo. Baba bado anaendelea. Nakohoa tena, kwa nguvu zaidi —