Nyumba Yangu Isirukwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku theluji imebaki upande wa kivuli tu, na mplamu wa jirani umeanza kutoa vichipukizi. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi hii? Na Kaka Noriaki, bado anakula tambi amesimama jikoni kama mtu anayekimbizana na treni? Mimi ni mzima. Dawa nameza asubuhi na jioni, na tangu Novemba sijaanguka hata mara moja. Figili zako za chumvi zilifika salama. Nimezila zote, na hilo nalikumbuka vizuri sana.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara mbili kwa sababu nilisahau kwamba nimeshaisoma, na mara mbili kwa hasira. Nasema wazi, mama, usinichukie. Unaniarifu kwamba chumba cha juu kimeshafagiliwa, magodoro yameanikwa, na kwamba baada ya ibada ya kumkumbuka baba, Kaka atakuja na gari la mizigo kuchukua vitu vyangu ili nikae kwenu moja kwa moja. Nani aliniuliza? Nina miaka arobaini na miwili. Kwa Bwana Kuramochi, yule dobi, nimefanya kazi miaka kumi na mmoja. Kifafa kilipozidi alinitoa kwenye pasi, nami sikubisha, maana mimi na pasi ya moto hatupatani tena. Sasa nabandika namba kwenye nguo za wateja. Nikianza kapu, redio inazimwa na hakuna ruhusa ya kunisemesha mpaka nilimalize. Akili yangu siku hizi inabeba kitu kimoja tu. Ukiongeza cha pili, inaangusha vyote. Bwana Kuramochi mwenyewe hupita nyuma yangu kwa ncha za vidole, na unajua alivyo mnene.

Najua Kaka amekwisha kukwambia habari ya ubao wa matangazo. Aliipata kwa Bwana Ushiyama, mkuu wa mtaa wetu, ambaye mdomo wake hauna kufuli. Basi isikie na kwangu. Ubao wa huku ni kijibao cha kubania karatasi, nao unazunguka kama huko kwenu: jirani anakuletea, unasoma, unapiga muhuri wako, unaupeleka nyumba ya pili. Mwezi wa kumi Bi Ishigure wa nyumba ya kulia aliniachia ubao mlangoni. Niliuokota pamoja na mfuko wangu wa sokoni, nikavua viatu, nikaingia ndani, na hapo hapo ukanitoka kichwani. Niliukuta siku tisa baadaye ndani ya friji, chini ya pakiti ya tofu.

Tangazo lilikuwa la kusafisha mtaro siku ya Jumapili. Nyumba sita zilizo baada ya yangu hazikujua, hazikutokea, na waliotokea walichota tope peke yao huku wakiwasema wenzao kuwa wavivu. Nilipita nyumba zote sita, moja baada ya nyingine, na boksi la keki za maharage mkononi, nikainama na kuomba radhi. Aibu yake hata sasa inanichoma masikio.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe kwenye mkutano wa Desemba Bwana Ushiyama akasimama na lile tabasamu lake la upole, akasema, “Jamani, tumwonee huruma dada Chizuru. Ubao uwe unairuka nyumba yake, na zamu yake ya ubalozi wa nyumba kumi mwezi wa nne tumpe mtu mwingine, apumzike.” Watu wakaitikia kwa vichwa. Kuna wengine hata walinitazama kwa mapenzi, na hao ndio walioniudhi zaidi. Nikasimama. Nilimwambia kwamba nyumba inayorukwa ni nyumba tupu, na yangu ina mtu, na mtu huyo akikosea aambiwe amekosea, asifutwe kwenye orodha. Kabla sijakaa, Bi Ishigure, na miaka yake themanini, akadakia, “Wewe Ushiyama, mwaka juzi ubao si uliusahau kwenye gari, ukaenda nao mpaka kwenye chemchemi za maji moto ulikokwenda kulewa? Nani alikuruka?” Watu walicheka mpaka chai ikamwagika.

Siku hizi Bi Ishigure hauachi ubao mlangoni. Anagonga na kunikabidhi mkononi. Muhuri wangu unaning'inia kwenye msumari hapo hapo mlangoni. Nasoma nimesimama, napiga muhuri, na sivui viatu mpaka ubao uwe umefika kwa akina Nezu, nyumba ya kushoto. Siku moja simu ililia ndani, ikalia weee, nikaiacha ilie. Ilikuwa wewe, mama. Unisamehe. Lakini tangu Desemba ubao haujalala kwangu hata siku moja, na mwezi wa nne balozi wa nyumba hizi kumi ni mimi. Kura zilipigwa. Bwana Ushiyama mwenyewe alinyoosha mkono, ingawa wa mwisho.

Sasa nifike pagumu, na nakuomba ukae chini kabla ya kuendelea.

Umeandika kwamba hata nikisahau mengine yote, ule mfupa wa koo la baba, tulioinua mimi na wewe kwa vijiti vyetu kutoka kwenye majivu alipokwisha kuchomwa, na kuuweka juu kabisa ndani ya chungu chake, sikuusahau, na kwamba hilo linakutosha. Mama, silikumbuki. Jioni ya siku ile nilianguka mara tatu, na kifafa kiliondoka na siku nzima ya mazishi pamoja na wiki iliyotangulia. Sikumbuki jeneza. Sikumbuki mvua ambayo nyote mnaitaja. Kila uliponiambia, niliitikia ndiyo mama. Maneno niliyaokota kinywani mwako, mengine kwenye picha, kisha nikakurudishia kana kwamba ni yangu. Nimekudanganya miaka miwili. Nilimpenda baba kuliko nilivyowahi kumwambia, na sina hata dakika moja ya kumuaga kwangu. Niliogopa ukijua utalia, na ukimaliza kulia utaanza kunifungia mizigo.

Fanya vyote viwili ukitaka, lakini kwanza nisikilize. Kusahau kwangu hakukuifuta siku ile. Vijiti vilishikwa na mkono huu ninaokuandikia. Baba aliingia kwenye chungu chake kwa mkono wangu na wako, na hakuna kifafa kitakachomtoa humo.

Nitakuja tarehe kumi na tisa na begi moja na tiketi ya kurudi. Mwambie Kaka asiazime gari. Tukitoka hekaluni, tukae mimi na wewe peke yetu, unisimulie tangu asubuhi: nani alinifunga mkanda wa kimono, ule mfupa ulikuwa mzito au mwepesi, nilisema nini, nilinyamaza wapi. Nitaandika kila kitu kwenye daftari. Na kesho yake nikikuuliza tena, nisimulie tena toka mwanzo. Machozi yakikujia yaache yatoke, ila usikatishe.

Nisalimie Kaka na wanawe, na mama wa duka la samaki akiuliza habari zangu mwambie nagombana na watu, ataelewa nimepona. Mfukizie baba ubani kwa niaba yangu. Jifunike goti.

Mimi mwanao, niliyekuwepo,

Chizuru